Boni, Funguo na Jetoni: namna programu zilijifunza kuomba ruhusa

Leo nawaletea historia ya kitu moja tunatumia kila siku bila kuiona. Inaitwa jetoni. Sisemi ile jetoni wanakupa ku mlango wa duka kubwa ukiacha sakosi yako. Nasema ile programu moja inapewa kusudi iingie fasi ya programu ingine, ichukue kitu, itoke.

Mtaniuliza: wewe agronome, hii mambo ya ordinateri imekufikia wapi? Imenifikia kupitia kosa langu mwenyewe. Nianze na hapo.

Nilikuwa natumika na koperative moja ya walimaji wa viazi na maharage ku milima yetu. Tulikuwa tunapita mashamba kwa mashamba na telefoni, tunaandika jina la mulimaji, namba yake, ukubwa wa shamba, na pointi za GPS. Data zote zilikuwa zinaenda ku serveri fulani. Kila siku ya tano mukubwa wa kazi alitaka raporo. Mimi nilikuwa nimejifunza kuandika programu usiku usiku, wakati mega ni za bei rahisi. Basi nikaandika programu ndogo ya kuingia ku serveri, kuchukua data na kutengeneza raporo yenyewe. Kusudi iingie, niliweka jina langu na neno langu la siri ndani ya kode, ku mstari wa saba. Ikatembea vizuri. Nilijisikia muntu mukubwa.

Kisha mwenzangu wa promosyo akaniomba ile programu. Nikaituma ndani ya grupe yetu ya WhatsApp, watu zaidi ya mia moja, bila kufuta mstari wa saba. Siku mbili nyuma, kijana moja akaniandikia pembeni: "Mukubwa, niko naona mashamba ya watu wenu wote, na manamba zao."

Wandugu, mikono ilinitetemeka. Mnajua fasi tunaishi. Liste yenye kuonyesha nani iko na shamba gani, wapi, ukubwa gani, na namba yake ya telefoni, ile si mchezo. Nilibadilisha neno la siri palepale. Na palepale programu tatu za wenzangu zikasimama, juu zote zilikuwa zinatumia lile neno moja. Siku ya tano raporo haikutoka. Niligombezwa, na walikuwa na haki.

Rafiki moja aliyesoma informatike akaniambia tu: "Ungetumia jetoni." Nikamuuliza juu ya nini iko tofauti, juu ile nayo ni maneno ya siri tu. Akacheka. Kupata jibu nilisoma miezi mingi. Lile jibu njo hii historia.

Kwanza tuelewane: boni na funguo

Kila muntu aliyepita ku depo ya koperative anajua boni ya kutosha vitu. Jerani wa depo hakupi funguo. Anakupa karatasi: mifuko mitano ya mbegu, kwa huyu muntu, leo. Ukiipoteza ile karatasi, hasara ni mifuko mitano, na kesho haina tena nguvu. Ukipoteza funguo, hasara ni depo nzima, mpaka siku watabadilisha kadena.

Neno la siri ni funguo. Jetoni ni boni. Inasema nani, nini, mpaka lini. Historia yote nitasimulia hapa ni ya watu waliochoka kutuma mtoto na funguo, wakatafuta namna ya kumutuma na boni. Na kila hatua, walijifunza nyuma ya kuibiwa ao kukwama.

1. Neno la siri la kwanza, na mwizi wake

Tunaenda Marekani, ku chuo kikuu cha MIT, karibu na Boston. Mu mwaka wa 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo unaoitwa CTSS. Wakati ule ordinateri moja ilikuwa inajaza chumba nzima, na CTSS iliruhusu watu wengi kuitumia pamoja, kila muntu ku mashini yake ya kuandikia. Juu kila moja alikuwa na mafaili yake, wakaweka neno la siri kwa kila muntu. Wengi wanasema njo fasi ya kwanza neno la siri liliingia mu ordinateri.

Halikukaa hata miaka mbili bila kuibiwa. Kijana Allan Scherr alikuwa anatayarisha doktora yake, na walikuwa wamemupa masaa 4 kwa juma ya kutumia mashini. Hayakumutosha. Mu 1962 akagundua kwamba unaweza kuomba mashini ikuchapie faili yoyote, ukiacha tu karti yako yenye matundu. Akaomba faili ya maneno ya siri. Siku ya pili akaenda kuikamata ku karatasi, yote, ya watu wote. Kisha akawagawia wengine, kusudi wasimushuku yeye peke yake. Alikuja kukubali hii kitu nyuma ya miaka mingi sana.

Muone jambo moja: Scherr hakuwa mtu mubaya. Alikuwa mwanafunzi anayetaka kumaliza kazi yake. Na hakuvunja mlango, alikuta funguo zote zimewekwa ku meza moja. Mimi na mstari wangu wa saba, nilikuwa nimefanya ile meza ileile, miaka karibu 60 nyuma yake.

2. Mbwa wa vichwa tatu

Mu 1983, palepale MIT, wakaanza projet Athena, pamoja na kampuni Digital na IBM. Sasa mashini zilikuwa ndogo, zimetawanyika mu masalle mbalimbali, na mwanafunzi yeyote anaikala ku mashini yoyote. Shida ikabadilika. Ukituma neno lako la siri ndani ya reseau kila mara unafungua barua ao unachapa karatasi, mwenye kusikiliza ku waya atalikamata.

Jibu lao liliitwa Kerberos, jina la mbwa wa vichwa tatu wa hadisi za Wagiriki, mwenye kulinda mlango wa kuzimu. Steve Miller na Clifford Neuman njo waliipanga, na wazo la chini lilitoka ku kazi ya Roger Needham na Michael Schroeder ya mwaka wa 1978.

Namna yake ni hii. Asubuhi unaandika neno lako la siri mara moja tu. Serveri ya Kerberos inakupa tikiti kubwa. Neno la siri mashini inalisahau. Sasa ukitaka barua, ile tikiti kubwa inakutafutia tikiti ndogo ya barua. Ukitaka kuchapa, inakutafutia tikiti ndogo ya kuchapa. Kila tikiti iko na saa yake ya kufa.

Tikiti mbili: moja ya kufanyia kazi, ingine ya kutafutia zile za kazi. Ile mawazo muikamate vizuri, tutakutana nayo tena.

Lakini kukawa shida. Mu Kerberos ya nne, muda wa tikiti uliandikwa kwa namba ndogo sana, hesabu ya vipande vya dakika 5, na haiwezi kupita vipande 255. Fanyeni hesabu: dakika 1275, maana yake saa 21 na dakika 15. Mwanafunzi aliyeacha mashini inafanya hesabu ya siku mbili, tikiti inakufa katikati ya kazi. Basi Kerberos ya tano, iliyoandikwa mu Septemba 1993, ikaleta tikiti ya kufanywa upya. Ile iko na mwisho mbili: mwisho wa karibu, unaoweza kusogezwa kila mara ukirudi kuomba, na mwisho wa mbali, ambao ukifika hakuna tena kusogeza. Ukirudi kuomba, serveri inapata nafasi ya kusema hapana. Kama wamejua tikiti imeibiwa, njo hapo inakatwa.

Kitu kingine: tikiti yenye saa inataka saa za mashini zilingane. Kwa kawaida Kerberos inavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Sisi wenye mashini za okazyo zenye betri ya saa imekufa, tukizima na kuwasha inarudi ku mwaka wa zamani, tunajua hii shida. Unatafuta kosa mu kode siku nzima, kumbe ni saa.

3. "Utupe neno lako la siri, tutakutafutia marafiki"

Kerberos ilikuwa ya nyumba moja: chuo kimoja, kampuni moja. Intaneti ikakuwa soko la nyumba elfu. Ku miaka ya 2000, mitandao mingi ya jamii ilikuwa inakuomba waziwazi email yako na neno lako la siri la email, kusudi isome anwani za marafiki wako. Na watu walikuwa wanatoa. Twitter ilipoanza mu 2006, aplikasiyo za pembeni zilikuwa zinafanya vilevile: unaandika neno lako la siri ndani ya aplikasiyo ya muntu usiyemujua.

Google, Yahoo na Flickr kila moja ilitengeneza njia yake ya kukwepa hii, lakini hakuna njia moja ya wote. Mwishoni mwa 2006, Blaine Cook wa Twitter, pamoja na Chris Messina, Larry Halff wa Ma.gnolia na David Recordon, walizungumza namna gani programu inaweza kuruhusiwa bila kupewa neno la siri. Wakaona hakuna sheria ya wazi yenye watu wote wanaweza kufuata. Mu 2007 wakaandika ya kwao, na mwisho wa mwaka ule OAuth ya kwanza ilikuwa tayari. Haikutoka ku serkali wala ku kampuni moja kubwa.

Mu Aprili 2009 wakakuta tundu ndani yake. Fikirini hivi: mwizi anaanza kuomba boni ku depo, kisha anakutumia wewe karatasi ya kusaini. Wewe unaona ni depo ya kweli, jina lako la kweli, unasaini. Mwizi anarudi ku dirisha anapokea boni yenye saini yako. Hakuna aliyeiba saini, wewe mwenyewe uliitoa. Mu Juni 2009 wakatengeneza: ukisha kusaini, unapewa namba ya siri, na mwenye kurudi ku dirisha bila ile namba hapewi kitu.

Kisha ikabaki kulazimisha watu. Twitter ilipanga kufunga mlango wa maneno ya siri kwa aplikasiyo za pembeni mwishoni mwa Juni 2010. Lakini ile ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia kule Afrika ya Kusini, serveri zilikuwa zimelemewa, wakasogeza mbele. Tarehe 31 Agosti 2010 mlango ukafungwa kabisa. Aplikasiyo zilizokuwa hazijabadilika zikasimama siku ileile, sawa vile zile programu tatu za wenzangu.

4. Ugomvi wa 2012: juu ya nini jetoni inakufa upesi

Hapa njo moyo wa historia, juu njo hapa jetoni ya kufanya upya iliingia ku programu zetu.

OAuth ya kwanza ilikuwa nguvu lakini ngumu. Kila ombi ilibidi litiwe saini kwa hesabu za siri, na waandikaji wa programu walikuwa wanalia. Tena, jetoni zake mara nyingi hazikuwa na mwisho: ukipewa, unakaa nayo mpaka mwenye konti aifute. Kampuni kubwa zikataka kitu rahisi na chenye kubeba watu mamilioni.

OAuth ya pili ikatoa zile saini. Jetoni ikawa sawa na franga mkononi: mwenye kuibeba njo mwenyewe, hakuna kuuliza jina. Kinachoilinda ni njia iliyofungwa kati ya mashini na serveri. Na ikaja jetoni ya aina ingine, yenye kubeba habari zake ndani yake pamoja na muhuri. Depo ikiona muhuri, inatoa mifuko bila kupiga telefoni ku biro. Hii inapunguza kazi sana. Lakini fikirini: kama depo haipigi telefoni, itajua namna gani kwamba ile boni biro imeifuta? Haitajua. Basi dawa ikawa moja tu: boni iishi muda mufupi, pengine saa moja, ife yenyewe.

Kisha, juu haiwezekani kumurudisha muntu kila saa aandike neno la siri, wakatoa karatasi ya pili. Ile haiendi ku depo hata kidogo. Inaenda ku biro tu, kuomba boni mpya. Njo jetoni ya kufanya upya. Mnaikumbuka tikiti kubwa ya Kerberos? Ni mawazo yaleyale, yamerudi na nguo mpya.

Si wote walifurahi. Eran Hammer, aliyekuwa anaongoza kuandika OAuth, aliacha kazi mu Julai 2012 na akatoa jina lake ku maandishi. Alisema kuondoa saini kumepunguza usalama, kwamba kampuni kubwa zimefanya kitu kikawa kigumu na chenye njia nyingi mno, na kwamba hizi jetoni zinazokufa zinawabebesha waandikaji wa programu mzigo wa kufuata muda kila saa. Maandishi yalitoka mu Oktoba 2012 yakiwa na namba RFC 6749, chini ya uangalizi wa Dick Hardt, na njo hayo karibu intaneti nzima inafuata mpaka leo.

Mimi naona Hammer alisema kweli juu ya mzigo. Lakini ule mzigo iko na faida. Jetoni inayokufa inalazimisha programu irudi ku biro, na kila kurudi ni nafasi ya mwenye mali kusema basi.

5. Inafanya nini mu kode

Wale hawaandiki programu wavumilie kidogo, si ndefu.

Programu yangu ya sasa inaanza kwa kunituma ku ukurasa wa serveri yenyewe. Mimi naandika neno la siri pale, programu hailioni. Naonyeshwa inaomba nini: kusoma data, basi. Nikikubali, serveri inanirudisha na namba fupi, yenye kutumika mara moja tu. Maandishi ya 2012 yanashauri isipite dakika 10. Programu inapeleka ile namba ku biro, inapokea vitu tatu: jetoni ya kuingia, sekunde ngapi itaishi, na jetoni ya kufanya upya.

Kuanzia hapo, kila mara kabla ya kuomba data, inaangalia saa. Kama imebaki dakika moja ao mbili, inaenda kufanya upya kwanza. Kama serveri imejibu 401, maana yake "sikutambui", inafanya upya mara moja, inajaribu tena mara moja. Ikikataliwa tena, inasimama na inaniita mimi. Programu yangu ya kwanza ya jetoni haikuwa inasimama. Ilijaribu usiku nzima, mara elfu na elfu, mpaka serveri ikanifungia na mega zangu zote zikaisha.

Kuna mtego moja wenye kutuhusu sana sisi wa huku. Serveri nyingi, kila ukifanya upya, zinakupa pia jetoni mpya ya kufanya upya na zinaua ile ya zamani. Ni vizuri: kama mwizi na wewe mko na karatasi ileile, siku mmoja wenu ataleta ile imekufa, biro inajua kuna mwizi, inakata yote. Maandishi ya usalama ya Januari 2025, RFC 9700, yanadai ulinzi wa namna hii kwa aplikasiyo zisizoweza kuficha siri, kwa mfano zile za telefoni. Lakini sasa fikirini reseau yetu. Umetuma ombi, serveri imeandika jetoni mpya, inakurudishia, na palepale reseau inakatika ao umeme unaenda. Wewe unabaki na ile ya zamani. Umeme ukirudi, unaituma. Biro inaona karatasi imekufa, inafikiri wewe njo mwizi. Yote imekatwa, ubidi uanze upya kwa mkono.

Nilipata hii mara tatu mu mwezi moja. Dawa zangu ni hizi. Kwanza, jetoni mpya inaandikwa ku diski kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Pili, programu moja tu njo inafanya upya, zingine zinangojea. Zikienda mbili pamoja zinauana. Tatu, serveri zingine zinaruhusu sekunde chache ambazo jetoni ya zamani inakubaliwa bado, soma maandishi yao. Nne, jetoni haikai ndani ya kode. Inakaa ku faili ya pembeni, ambayo hautumi ku grupe hata rafiki akikubembeleza.

6. Wezi nao walisoma

Msifikiri jetoni imemaliza wizi. Wezi walihama tu: wakaacha kutafuta funguo, wakaanza kutafuta maboni.

Tarehe 28 Septemba 2018, Facebook ilitangaza kwamba watu wameiba jetoni. Kulikuwa kosa ndani ya chombo cha kuangalia namna wengine wanaona ukurasa wako, kosa lililokaa tangu Julai 2017. Kwanza walisema konti karibu milioni 50, kisha wakapunguza: milioni 30 njo zilizoibiwa kweli. Walitoa nje watu milioni 90 kusudi jetoni zao zife. Wengi walikimbilia kubadilisha neno la siri, lakini neno la siri halikuwa limeibiwa. Kilichosaidia ni kuua majetoni.

Mu Aprili 2022, GitHub, fasi waandikaji wa programu wanaweka kode zao, ilitangaza kwamba mwizi alitumia jetoni zilizopewa kampuni mbili za pembeni, Heroku na Travis CI, akapakua kode za makumi ya mashirika. Jetoni hazikuibiwa ndani ya GitHub yenyewe. Jetoni zilikuwa za kweli, ruhusa za kweli, zilitolewa na wenyewe. Ni zile ulikubali zamani ukasahau.

Na hapo njo nataka kila muntu anisikilize, hata asiyeandika programu. Wewe umeshabonyeza mara ngapi "ingia na Google" ao "ingia na Facebook", kwa mchezo moja, kwa aplikasiyo ya kubadilisha sura, kwa fomu ya kazi? Kila mara ulisaini boni. Zingine ni za jina na email tu, zingine zinasoma barua zako. Aplikasiyo umeifuta ku telefoni, lakini karatasi ya kufanya upya inaweza kuwa bado iko kwao na inatembea. Fungua mipangilio ya konti yako, tafuta fasi inaonyesha aplikasiyo zenye ruhusa, hesabu. Mimi nilikuta 23. Nilikuwa nakumbuka 6.

7. Swali la mama

Nirudi ku koperative yetu, juu deni langu liko kule.

Nyuma ya lile kosa nilipanga yote upya. Kila mwenzangu alipata jetoni yake, ya kusoma tu. Majina na manamba tuliyatenga na pointi za GPS, kusudi mwenye kuona moja asione ingine. Kisha nikaomba nafasi mu mkutano wa walimaji, niwaelezee nini ilitokea na data zao. Nilikuwa naogopa. Nikawaambia yote, mstari wa saba pia. Nikaeleza jetoni kwa mufano wa boni ya depo, na nikaona vichwa vinakubali, juu pale boni kila muntu anaijua.

Mama moja, mulimaji wa viazi, akasimama. Akasema: "Mwanangu, tumesikia. Umesema boni inakufa, lakini iko ile karatasi ya kuomba ingine, na ile iko ndani ya mashini yako. Siku projet itaisha, wewe utaenda. Nani atafunga?"

Sikuwa na jibu. Wandugu, nilikuwa nimesoma miezi mingi, nimepita MIT na Twitter na ugomvi wa 2012, na ile swali sikuwa nimejiuliza. Konti ilikuwa ya email yangu. Ruhusa zote zilikuwa zinatoka kwangu. Mwenye mashamba hakuwa na fasi hata moja ya kusema basi.

Juma lililofuata tulifungua konti ya koperative yenyewe. Neno la siri liko na presidenti na sekretere wa komite, limeandikwa ku karatasi, karatasi iko ndani ya sanduku pamoja na muhuri. Niliwafundisha ukurasa moja tu: ule unaonyesha nani iko na ruhusa, na kifungo cha kuifuta. Tulijaribu ku jetoni yangu mimi. Sekretere alibonyeza, programu yangu ikajibu 401, mkutano ukapiga makofi. Kisha wakanipa ruhusa tena, ya kusoma, mpaka mwisho wa projet.

Kwa hiyo kabla ya kuandika programu yenu ya kwanza yenye kuingia mu data za watu, msiulize tu namna gani jetoni itafanywa upya. Muulize lile swali la mama: siku mtaenda, nani atafunga?